Sindano Iliyotangulia Swali

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize kama mlivyokuwa mkinisikiliza tukikunja vitambaa vya wodini, ingawa safari hii nasema kwa kalamu. Nimeacha kazi ya ukunga mwezi uliopita, na tangu hapo sijui kukaa. Naandika mistari miwili, nainuka, nachungulia nje, narudi. Mume wangu ameniuliza kama kuna mtu anajifungua jirani. Hakuna. Ni miguu tu iliyozoea kuitwa.

Msitazamie niwaeleze nilivyopanda cheo. Nilipanda mara chache, na kila mara aproni ilibaki ileile. Nataka kuwaeleza habari za mtoto mmoja aliyekaza mwili tangu kuzaliwa kwake, kwa sababu watoto wa namna hiyo mtakutana nao, na mama zao watawauliza swali ambalo sisi wakunga hupenda kulikimbia.

Nilianza kazi ningali kijana, enzi za Mwingereza, nimeolewa lakini sijapata mtoto, katika kituo kimoja cha uzazi pwani ya Kilwa. Kilikuwa nyumba ndefu ya mawe na chokaa, na bati lake lilifanya mvua isikike kama watu wanaogombana. Mkuu wetu alikuwa Mama Sesilia, Mmakonde Mkristo aliyeshuka kutoka uwanda wa juu, mwenye chale usoni na sauti ya chini sana. Ilibidi umsogelee ili umsikie, na nadhani ndivyo alivyotaka.

"Shikamoo, mama," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Umekula?"

"Bado."

"Nenda ukale. Mkunga mwenye njaa ana haraka."

Niliporudi alinikabidhi pembe ya mbao ya kusikilizia moyo wa mtoto, ile ambayo mdomo wake mpana unawekwa tumboni mwa mama na ule mwembamba sikioni mwako. Lakini hakunipeleka kwa mama yeyote. Alinipeleka kwa jirani, muuza kahawa, aliyekuwa na mbuzi mwenye mimba. Alisema sikio langu lijifunze kwanza kwa mtu asiyeogopa. Nilimfuata yule mbuzi uani mpaka aproni ikawa kahawia.

"Binti," muuza kahawa akauliza, "mbuzi wangu anaumwa nini?"

"Haumwi, mzee. Nasikiliza moyo wa mwanawe."

"Basi mwulize kama ni jike. Madume ninayo ya kutosha."

Siku ya tatu niliusikia: mapigo madogo ya haraka chini ya mapigo makubwa ya mama. Nilipiga kelele kwa furaha na mbuzi akanipiga teke. Najua mnacheka, lakini mjaribuni. Mbuzi hamdanganyi mkunga ili kumfurahisha.

Baada ya hapo nikafundishwa vyombo. Sindano zetu zilikuwa za kioo, tukizichemsha kwenye jiko la mafuta ya taa, na aliyevunja moja alisikia habari zake mpaka mfungo uliofuata. Mama Sesilia alitufundisha kwamba kabla mkono haujamgusa mzazi, macho yamtazame na masikio yamsikilize. Yalikuwa mafundisho mazuri. Yalipungukiwa na kitu kimoja, na sisi sote, yeye akiwemo, hatukukiona.

Kwa ajili ya wale mtakaokuja kazini pwani kutoka mbali, nieleze desturi moja. Mwanamke wa hapa haji kujifungua na mama yake mzazi tu. Anakuja na somo wake, yule mwanamke aliyemfunda unyagoni alipovunja ungo. Mimba ya kwanza ikiingia, somo humfunda tena, na safari hii ni mambo ambayo mwanamke asiyezaa hayasikii. Mimi mwenyewe, niliyezaliwa Kivinje na kuchezwa unyago kama wenzangu, nilikuwa nikitolewa nje ya mazungumzo hayo kama mtoto mdogo, kwa kuwa nilikuwa sijazaa. Miongoni mwa mambo hayo ni dawa ya kuhimiza uchungu, mizizi inayochemshwa na kutiwa katika uji. Haitajwi mbele ya mwanamume. Haitajwi mbele ya mwanamke wa unyago mwingine. Mama Sesilia alichezwa kwao, kwa namna ya kwao. Kwa hiyo katika chumba chetu cha uzazi, wale waliokuwa na habari muhimu kuliko zote walikuwa wamekula yamini kutozitoa.

Sasa nifike kwa Mwajuma.

Aliletwa kwa mashua kutoka Songo Mnara, mimba yake ya kwanza, uchungu ukiwa umemshika tangu jana yake. Alikuja na mumewe Bakari, mchoma chokaa, mtu mrefu ambaye vumbi jeupe lilikuwa halimtoki kwenye nyusi, na somo wake Bi Hadija, mwanamke mnene mwenye maneno mengi.

"Ninyi watu wa bara mtamzalisha mwanangu?" Bi Hadija alimwuliza Mama Sesilia mlangoni.

"Tutamsaidia azae, bibi. Kuzaa atazaa mwenyewe."

"Haya. Mimi nitakuwa hapahapa nawatazama."

"Tazama, lakini usikalie vitambaa vyangu."

Niliweka pembe tumboni. Moyo wa mtoto ulikuwa mzuri, unakwenda sawa, nami nikasema hivyo kwa sauti. Kisha nikaitwa chumba cha pili kumpokea mzazi mwingine. Mama Sesilia aliona Mwajuma amechoka na uchungu umelegea. Daktari alikuwa ameacha maagizo kwamba mzazi aliyechoka hivyo apewe sindano ya kuongeza uchungu. Msaidizi wa kiume alikuwa amesimama pale na beseni. Mama Sesilia akamdunga Mwajuma.

Hapa nitawaeleza taratibu, maana hapa ndipo penye shina la jambo lote. Uchungu unapobana, mfuko wa uzazi hukaza, na damu inayompelekea mtoto pumzi hupungua. Unapolegea, mtoto hupata nafasi ya kuvuta tena. Hivyo ndivyo Mungu alivyopanga, kubana na kulegea. Uchungu usiolegea ni kama mkono uliofunika pua. Mtoto akikosa pumzi kwa muda mrefu, ubongo wake hujeruhiwa, na ile sehemu inayoiamuru misuli hubaki na kovu. Moyo utapiga, atanyonya kidogo, ataishi, lakini mwili wake hautamtii. Na msiende mkasema kila mtoto wa namna hiyo ameumizwa wakati wa kuzaliwa. Wengine huletwa na homa ya utotoni, wengine kuzaliwa kabla ya siku zao, wengine manjano iliyoachwa bila kutazamwa, na wengine hatujui. Mkunga anayejua sababu ya kila kitu ni wa kuogopwa.

Niliporudi, tumbo la Mwajuma lilikuwa gumu kama ubao na halikulegea. Niliweka pembe. Ule moyo niliouacha ukikimbia ulikuwa sasa unajikokota. Nilimtazama Mama Sesilia, naye akaona usoni mwangu. Alimgeuza Mwajuma ubavu, akamwinua, akafanya yote anayoweza kuyafanya mtu mwenye mikono miwili.

Mtoto alitoka wa kiume, mlegevu, rangi ya zambarau. Hakulia. Mama Sesilia akamsafisha kinywa kwa kitambaa, akamsugua mgongo, kisha akaweka kinywa chake juu ya pua na kinywa cha mtoto na kupuliza pumzi ndogondogo za mashavuni. Bi Hadija, aliyekuwa na maneno mengi, alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mwishowe mtoto akakohoa, akavuta, akatoa sauti kama ya paka aliyelowa. Bakari aliitwa, akamwadhinia sikioni huku akilia. Wakamwita Salumu.

Sikumwona tena mpaka miezi mingi baadaye, tulipokwenda Songo Mnara kupima watoto. Mwajuma alikaa wa mwisho kwenye mstari, na kila aliyekuja nyuma yake alimpisha atangulie. Ilipofika zamu yake nilimpokea Salumu nikajua kabla sijamweka kwenye mizani. Shingo haikushika. Ngumi zilifungwa, vidole gumba vikiwa ndani. Nilipomwinua kwapani, miguu yake ilipishana kama mkasi, ikakaza.

"Hawezi kukaa," Mwajuma alisema. "Nikimlisha anapaliwa. Watu wanasema kabadilishwa na shetani."

"Hakubadilishwa na mtu. Huyu ndiye mwanao yuleyule."

Bakari alikuwa amesimama nyuma yetu. "Alikuwa mzima tumboni," akasema. "Wewe mwenyewe ulisema, nilikuwa dirishani nikasikia. Ulisema moyo mzuri. Kisha mkamdunga. Nimeshamshitaki yule mama yenu kwa Bwana Shauri, na nataka aniambie mbele ya watu kamfanya nini mwanangu."

Alisema kweli. Alipoondoka kwenda tanurini kwake, Mwajuma alinishika mkono.

"Bi Tunu, nilikunywa."

"Ulikunywa nini?"

"Uji wa somo. Asubuhi ile, kabla ya kupanda mashua."

Sasa mnaona ugumu wake. Bakari alimpoteza dada yake kwenye uzazi, baada ya kunyweshwa mizizi, na siku ya kumwoa Mwajuma alimwambia waziwazi: ukinywa mizizi ya mtu, utarudi kwenu. Akijua, mke anaachwa na mtoto asiyekaa, kisiwani kwa watu waliokwisha kumwita shetani. Asipojua, Mama Sesilia anabeba mzigo wote peke yake.

"Ni mimi?" Mwajuma akauliza. "Niambie tu. Ni mimi niliyemvunja?"

Nilimwambia kwamba dawa moja peke yake pengine isingefanya hivyo. Niliona neno lile la "pengine" likimpita bila kumtuliza. Akafikiri, akasema, "Kamwambie yule mama. Yeye tu. Haifai ashitakiwe asijue."

Mara nyingi nimemkumbuka kwa neno hilo. Alikuwa anampa mwenzake kisu cha kumkatia yeye mwenyewe.

Nilimkuta Mama Sesilia akiosha sindano. Nikamwambia. Aliendelea kuosha mpaka maji yakapoa.

"Zilikutana," akasema. "Yangu na ya kwao."

"Ndiyo, mama."

"Usilirudie neno hilo kwa mtu."

Basi siku zote zilizobaki kabla ya baraza la kusikiliza shitaka la Bakari sikujua atafanya nini. Nilifua aproni ambazo hazikuchafuka. Nilihesabu vitambaa, nikavihesabu upya. Angesema maneno machache tu mbele ya Bwana Shauri, angerudi kazini kwake kichwa juu, na Mwajuma angerudi kwao. Nilimpenda Mama Sesilia, na nilimwogopea Mwajuma, na kila nilipojaribu kukaa chini mmoja wao aliniinua.

Barazani walikuwepo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, na mkalimani wake, daktari, na liwali, mwakilishi wa serikali mjini petu. Bakari alisimama mbele. Mwajuma alikaa pembeni kwenye mkeka, Salumu mapajani, Bi Hadija ubavuni mwake amekaza taya kama mtu mwenye jino bovu. Niliulizwa nilisikia nini kwa pembe kabla ya sindano na baada yake, nikasema. Bakari akageuka kuwatazama watu wote, kana kwamba anasema, mmesikia?

Kisha daktari akauliza, na mkalimani akatafsiri: "Je, mwanamke huyu alikuwa amekunywa dawa ya kienyeji?"

Bi Hadija aliinamisha kichwa. Bakari akacheka kwa hasira. "Mke wangu? Mke wangu hanywi mizizi. Aulizwe mwenyewe!"

Mwajuma alifungua kinywa. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa vinasokota pindo la kanga. Mama Sesilia akasema kabla yake, kwa sauti yake ileile ya chini, hata wakubwa wakainama kumsikiliza.

"Sikumwuliza."

"Swali si hilo," daktari akasema. "Alikunywa au hakunywa?"

"Swali ni hilo, Bwana. Aliyeshika sindano ni mimi. Ilikuwa juu yangu kumwuliza kabla, tukiwa wanawake peke yetu, mlango umefungwa. Nilimdunga na mwanamume amesimama na beseni. Hata ningeuliza, nani angenijibu? Akijibu leo, ndiyo au hapana, jibu lake halirudi chumbani siku ile. Nilimpa dawa kali bila kujua ndani yake mna nini."

Liwali, mzee wa Kilwa aliyezaliwa na kukulia kati ya wanawake waliochezwa unyago, alimtazama Bi Hadija, akamtazama Mwajuma, akapangusa ndevu. "Bwana Shauri," akasema, "mambo ya chumba cha uzazi si ya kumwuliza mwanamke mbele ya wanaume. Mkunga amekwisha sema. Tuliache hapo."

Likaachwa hapo. Uamuzi ulikuja baadaye: sindano ilitolewa kwa kufuata maagizo, kwa hiyo hakuna wa kumlipa Bakari fidia. Maagizo yenyewe hayakuulizwa lolote. Mama Sesilia akahamishiwa Kilangala, kwenye kambi ya wenye ukoma, kufunga vidonda. Bakari hakupata alichokitaka, Mama Sesilia alipata asichostahili kukibeba peke yake, na mtoto hakutajwa kabisa katika uamuzi ule. Nimeufikiria miaka yote hii, na bado sijaona mahali pa kuuweka moyoni ukatulia.

Kabla ya kuhama, Mama Sesilia alitaka twende Songo Mnara. Nilimwambia Bakari atatufukuza. Akasema, "Atafukuza akitaka. Wewe beba kanga mbili."

Bakari alikuwa tanurini. Alituona, hakuitikia salamu. Mwajuma alitoka nyumbani na Salumu begani, kichwa kimeanguka upande. Mama Sesilia hakuomba radhi wala hakutoa hotuba. Alimwambia Mwajuma, "Mwanangu, nipe jembe."

Akaenda penye mchanga mkavu kivulini akaanza kuchimba. Watu wakakusanyika. Mmoja akasema, "Wa bara wanakuja kutuzikia watoto sasa!" Bi Hadija akamgeukia: "Na wewe nyamaza, tangu umezaliwa hujachimba hata choo." Mama Sesilia aliendelea. Kwao uwandani, alisema, mama akilima humketisha mtoto shimoni asitambae motoni, na aliwahi kuona mtoto mlegevu akishikwa vizuri na udongo kuliko na mikono ya mtu.

Akatandika kanga, akamkalisha Salumu. Mwanzo alikaza, akalia. Mama Sesilia akamkunja magoti, akamjazia mchanga mgongoni, akamshika kidevu na kungoja. Kidogokidogo miguu ikalegea. Kichwa kikayumba, kikasimama. Mtoto ambaye maisha yake yote alitazama makuti ya paa, sasa alitazama watu. Alimwona kuku, akamfuata kwa macho mpaka kuku akaishia nyuma ya nyumba.

Bakari alikuwa ameacha tanuri akaja, akasimama juu ya shimo na mikono yake myeupe kwa chokaa.

Mwajuma akasema, mbele yetu sote, "Baba Salumu, nilikunywa. Asubuhi ile. Yule mama alijua, akaninyamazia."

Bi Hadija akashusha pumzi. Mimi nilitafuta mahali pa kutazama. Bakari alimtazama mwanawe, ambaye naye alikuwa anamtazama yeye, moja kwa moja, kwa mara ya kwanza. Kisha akachuchumaa, akagusa ukingo wa shimo kwa kidole.

"Shimo hili litamtosha akikua?" akauliza.

"Halitamtosha," Mama Sesilia akasema. "Utachimba lingine."

Akachimba. Alichimba kila Salumu alipoongezeka urefu, na baadaye akamtengenezea kiti cha mbao chenye umbo lilelile. Mwajuma hakurudi kwao.

Ninyi mnaobaki kazini, kabla ya sindano yoyote ya kuongeza uchungu, watoeni wanaume wote nje, fungeni mlango, na mwulizeni somo, si mzazi: "Bibi, uji wa leo ulitiwa nini?" Ulizeni kwa adabu, na mkiwa mmekaa chini. Na kama mtoto wa namna hii ameshakuja mikononi mwenu, msimpe mama yake maneno tu. Chimbeni penye mchanga mkavu shimo linalofika mbavuni mwa mtoto akikaa. Tandikeni kanga, acheni kilima kidogo cha mchanga chini ya magoti yake, na wekeni nguo iliyokunjwa kati ya mapaja ili miguu isipishane. Mjazieni mchanga mgongoni na mbavuni mpaka asiyumbe, mikono yake yote miwili iwe mbele. Subirini alegee. Kisha mlisheni hapo, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kijiko kidogo kimoja kimoja, wala msimlishe kamwe akiwa amelala chali.